Miezi 18 ya kulala nyumba ya wazee: inafaa?

Tangu nirudi nyumbani, mtaa wa Umoja, vijana wanne wa kanisani kwetu wamenishika mlangoni baada ya ibada wakitaka kujua jambo moja: ile kazi ya kujitolea kwa masista, ya kuishi humo humo, inafaa? Nimekuwa nikiwajibu kwa mkato kwa sababu pale mlangoni hapana nafasi ya kusema mengi. Hapa nitajibu kwa urefu.

Nyumba ninayoizungumzia ni ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Iko upande wa mashariki wa Nairobi na inaendeshwa na shirika la masista wa Kikatoliki. Nilipokuwa huko ilikuwa na wazee 38, masista watano, wapishi wawili, muuguzi mmoja wa kuajiriwa, na sisi sita wa kujitolea tuliolala ndani. Jina lake siliandiki. Nina lawama mbili za kutoa, na isitoshe wazee wale hawakuomba kutajwa. Anayetaka kweli kwenda aulize kwenye parokia iliyo karibu naye, ataelekezwa huko au kwingine kunakofanana nako.

Jibu langu ni kwamba inafaa, tena sana, kwa mtu anayeweza kukaa mwaka au zaidi. Mwenye miezi mitatu namshauri awe anakwenda mchana, asaidie, kisha jioni arudi kwao.

Siku niliyofika, kabla sijatua begi chini, niliulizwa swali na bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango wa jikoni, shuka la Kimasai limemfunika magoti. Alikuwa Mjaluo, na nyumba nzima tulimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo.

"Unalala hapa, ama unaenda jioni?"

Nikamwambia nalala. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Wengi husema hivyo," akasema, akageuza uso.

Sikumwelewa siku ile. Nilikuja kumwelewa kupitia Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ya wageni: mabasi ya shule, vikundi vya chama, wafanyakazi wa kampuni waliovaa fulana za rangi moja. Wanaleta unga, mafuta ya kupikia, sabuni na pampasi za watu wazima. Vitu hivyo vinahitajika mno, na Mungu awabariki wanaovileta. Wanaimba, wanapiga picha, na ikifika saa kumi wanaondoka. Jioni hiyo wazee huwa wamechoka kuliko siku nyingine yoyote, na wengine hukataa hata chakula. Wameshikwa mikono na watu mia moja, na katika hao mia hakuna aliyejua kwamba Guka, babu wa chumba cha pili, hasikii kwa sikio la kushoto, kwa hivyo nusu ya salamu alizopewa hazikumfikia.

Taratibu za kuingia si ngumu. Utatakiwa kuwa na cheti cha mwenendo mwema cha polisi (mimi nilikilipia shilingi 1,050 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikaenda kuchukuliwa alama za vidole), picha ya eksirei ya kifua, na barua ya kiongozi wako wa dini. Mimi ni Mwanglikana, barua yangu ilitoka kwa kasisi wetu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini siyo ya padri. Kisha kuna wiki mbili za majaribio. Zikiisha salama mnatia sahihi mkataba wa mwaka mmoja, na anayetaka kuvunja hutoa taarifa ya mwezi.

Malazi ni chumba cha watu wawili, vitanda vya chuma, kabati moja, dirisha linalotazama kamba za nguo. Chakula ni kile kile cha wazee: uji asubuhi, githeri au ugali na sukuma wiki, nyama Jumapili. Posho ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bima ya afya ya taifa, NHIF, ilipoondolewa na mpya ya SHA kuanza Oktoba 2024, sista wa hesabu alitusajili sote sita katika wiki ya kwanza, akatulipia kile kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, za mwaka mzima kwa mkupuo. Nalitaja hili kwa sababu nawajua vijana waliojitolea mahali pengine wakaugua bila bima yoyote. Uliza jambo hilo kabla hujaingia, popote uendapo.

Sasa kazi yenyewe. Miezi minne ya kwanza wewe ni mzigo kwa nyumba. Nasema hivi kwa sababu hakuna aliyeniambia, na mwezi wa pili nilijilaumu sana. Kila nilichofanya, mtu mwingine alikirudia. Nilidhani kulisha mzee ni kushika kijiko tu. Mpishi mkubwa, mama wa makamo kutoka Machakos, akaninyang'anya bakuli siku ya tatu. "Utampalia," akasema.

Alikuwa akimlisha Guka, aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia. Akamketisha wima kabisa, mto mgongoni, kidevu kimeinama kidogo kifuani. Uji ulikuwa mzito, kwa sababu mwepesi na maji matupu ndivyo vinavyoteleza vikaingia njia ya hewa. Akachota nusu kijiko, akakipeleka kutokea upande wa kushoto, upande mzima wa mdomo, na baada ya hapo hakufanya lolote. Alitazama koo. Koromeo likapanda, likashuka. Akangoja tena, Guka akameza mara ya pili, ndipo akachota kijiko kingine. Bakuli lile la uji lilichukua dakika arobaini. Lilipokwisha hakumlaza, alimwacha ameketi nusu saa nyingine, akamfuta mdomo, akachungulia ndani ya shavu la kulia kama kuna uji uliobaki. Ulikuwepo.

Nilijifunza kulisha hivyo kwa wiki sita, kila siku, mpaka Guka mwenyewe akawa ananitafuta kwa macho wakati wa chakula. Mtu wa miezi mitatu anaondoka wakati ndiyo kwanza ameanza kutafutwa.

Usiku nao una elimu yake. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili: ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia, na mto katikati ya magoti. Dani alikuwa mmoja wao. Muuguzi alinifundisha kukagua nyonga, visigino na mkia wa uti wa mgongo kila ninapomgeuza. Vitabu husema utafute wekundu usioondoka ukibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hivyo unapapasa kwa upande wa nje wa kiganja: je, hapa pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu? Pamelegea? Saa nane usiku, taa ya ukumbini peke yake ndiyo inayowaka, umeinama juu ya mwili wa mama wa mtu, unasoma ngozi kwa mkono. Katika miezi 18 Dani hakupata kidonda hata kimoja. Hilo ndilo jambo ninaloshukuru kuliko yote niliyofanya mle ndani, na halikuwa langu peke yangu. Lilikuwa la mikono sita iliyopokezana bila kuruka zamu.

Watu huniuliza kama serikali haisaidii. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa yake na Serikali. Fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, baadhi ya wazee wetu walizipata. Fedha hizo hazifiki hata pampasi za mwezi mmoja kwa mtu anayelala kitandani, achilia mbali dawa. Ndiyo maana mara mbili kwa wiki tulikwenda kuomba.

Nasema kuomba kwa maana yake halisi. Saa kumi na moja alfajiri mimi na sista wa stoo tuliingia soko la Marikiti na pikapu, magunia matupu mkononi. Sista alijua wafanyabiashara kwa majina ya watoto wao: Mama nani, Baba nani. Hakuhubiri, hakueleza shida. Alisalimu, akauliza habari za nyumbani, akafungua gunia. Kabichi mbili kutoka huku, debe la nyanya zilizobonyea kutoka kule, ndizi zilizoanza kuiva kupita kiasi. Mbeba mizigo mmoja alibeba magunia yetu hadi kwenye gari na kukataa hela. Mara ya kwanza niliona haya, nikabaki nyuma ya Sista. Aliliona. Tulipokuwa njiani kurudi akanisimulia habari za Jeanne Jugan, mwanamke Mfaransa ambaye mwaka 1839 alimchukua bibi kipofu, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye akaenda kulala darini. Baadaye akazunguka mitaani na kikapu, akiwaombea wazee wake chakula. Kwake ndiko lilikotoka shirika la Masista Wadogo wa Maskini, wale wenye Nyumba ya Wazee kule Kasarani, na mwaka 2009 Kanisa lilimtangaza mtakatifu. Nyumba yetu si ya shirika hilo. Lakini Sista aliipenda sana hadithi ile ya kitanda, na tangu siku hiyo mimi ndiye niliyetangulia kufungua gunia.

Kuhusu dini, nitasema nilichokiona. Kengele hulia saa kumi na moja na nusu kwa Masifu ya Asubuhi, saa sita mchana kwa Malaika wa Bwana, na jioni kuna rozari. Sisi wa kujitolea hatukulazimishwa. Mimi nilihudhuria Masifu kwa sababu zaburi ni zile zile nilizolelewa nazo, na wakati wa Komunyo nilikwenda mbele nimekunja mikono kifuani, padri akanibariki. Mama yangu, ambaye ni wa Mothers' Union, chama cha akina mama wa Kianglikana, tangu sijazaliwa, aliogopa nitabadilishwa dini. Hakuna aliyenigusia habari hiyo kwa miezi yote 18.

Tulikuwa na mzee Mwislamu kutoka Majengo. Mkeka wake ulikaa chini ya mto, na chumba chake kilichaguliwa ili aweze kuelekea Kibla bila kusogeza kitanda. Ramadhani ya 2025 aliambiwa na muuguzi kwamba kwa umri na sukari yake hawajibiki kufunga. Akasema anajua, lakini siku chache atafunga. Mpishi akamwachia uji kwenye chupa ya chai na tende tatu, na aliyekuwa zamu ya usiku alimwamsha saa kumi ale daku. Nilimwamsha mara nne. Mara zote aliniombea dua ndefu kabla ya kugusa chakula, na mimi nikasimama pale na tochi hadi amalize.

Alifariki mwezi wa Mei, alfajiri. Sista mkubwa hakungoja kupambazuke vizuri. Aliwapigia simu wazee wa msikiti wa mtaani kwake. Walikuja, wakamwosha, wakamkafini, na alasiri ya siku hiyo hiyo tulimzika makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Tulipotoka tuliwakuta masista watatu wamesimama nje ya lango, juani, tangu tulipoingia.

Hizo ndizo sifa, na nimeziandika kwa moyo wangu wote. Lawama nazo ziandikwe.

Ya kwanza ni mapumziko. Mkataba ulisema nusu siku Jumapili. Kwa kazi ya kuinua watu, nusu siku haitoshi. Zamu ya usiku ilikuwa ya mtu mmoja kwa mabweni mawili, wanaume huku, wanawake kule, ua katikati. Wenzetu wawili walipoondoka mwezi mmoja, sisi wanne tuliobaki tulikesha karibu kila usiku wa nne, na asubuhi bado tulikwenda kuosha. Usiku mmoja nilikuwa bweni la wanaume nikibadilisha shuka, Shosho (bibi) mmoja akaanguka kutoka kitandani upande wa pili. Sijui alilala sakafuni muda gani kabla sijamsikia. Hakuvunjika, lakini uso ulivimba wiki nzima, na kila nilipomlisha niliuona. Nikaandika barua kwa Sista mkubwa, kurasa mbili. Aliisoma mbele yangu, akakubali kila neno. Ikachukua miezi minne kubadilisha. Sasa usiku kuna watu wawili na kuna siku nzima ya mapumziko kila wiki. Nashukuru. Ila barua haikupaswa kungojwa, maana nyumba ile si ya jana, na masista wanajua mwili wa binadamu unachoka. Kutoa maisha yao yote kumewafanya wasahau kwamba sisi hatukuweka nadhiri.

Ya pili inaniuma zaidi. Kulikuwa na desturi kwamba anayemaliza muda wake asiwaage wazee, ili wasihuzunike. Unapanga begi, unaondoka wakati wa chakula cha mchana. Tulikuwa na binti Mjerumani wa miaka kumi na tisa, aliyekuja kupitia weltwärts, ile programu ya Ujerumani inayopeleka vijana kujitolea nchi za nje tangu 2008. Alikaa mwaka kamili. Mwezi wa pili alilia kila jioni kwenye ngazi za kufulia. Mwezi wa nane alikuwa akimtania Dani kwa Kijaluo. Aliondoka kimya kimya, kama alivyoambiwa. Kwa wiki tatu Dani alikuwa akiuliza, "Yule mtoto ni mgonjwa?" Tukimwambia amerudi kwao anasema hapana, angeniambia. Wazee wale wengi wao waliachwa na watu wao bila kuagwa. Tukawafanyia vile vile, mara moja kwa mwaka, tukiita huruma.

Nilipofikia miezi 16 nilimwendea Sista mkubwa nikamwambia mimi nitaaga. Alinyamaza, kisha akasema nijaribu, tuone. Nikamwambia Dani siku arobaini kabla. Siku mbili alikataa chakula kutoka mkononi mwangu. Alikula kwa wengine. Siku ya tatu akaniita nimkate kucha. Kijana wa kuchukua nafasi yangu alipokuja, nilimkalisha kando yangu, na kwa wiki tatu alimlisha Dani mimi nikitazama koo. Hilo nalo ni faida ambayo desturi ya zamani iliipoteza: aliyekuwepo anamwachia anayekuja kile ambacho hakijaandikwa popote, kwamba Dani anapenda maji ya kuoga yawe moto kuliko unavyodhani, na kwamba akisema "niache" mara moja anamaanisha subiri, akisema mara mbili anamaanisha niache.

Asubuhi ya mwisho alimwelekezea yule kijana kidole.

"Huyu analala?"

"Analala, Dani."

"Mwaka?"

"Mwaka."

Akatikisa kichwa kukubali, akanipa mkono wa kushoto, ule wenye nguvu. Nikasikia baadaye kwamba aliuliza habari zangu mara mbili tu, na mara zote mbili alijijibu mwenyewe: yuko Umoja kwa mama yake.

Nikitakiwa kutoa nyota, natoa nne kati ya tano. Ile ya tano niliishikilia kwa ajili ya uso wa Shosho, na sitaibadilisha hata ingawa mambo yamerekebishwa. Anayetafuta njia ya ajira, ufadhili au cheti cha kupeleka ubalozini, aende kwingine. Cheti wanatoa, ni karatasi moja yenye mhuri, na hakuna anayekukuza cheo. Aliyeachishwa kazi kama mimi na anataka mahali pa kutulia kichwa, afikiri mara mbili: kichwa hakitulii mle, kinajaa. Mwenye mtoto mdogo au mzazi mgonjwa wa kumtunza, abaki nyumbani kwake, huko ndiko kwenye wajibu wake.

Kama bado unataka, nenda siku ya katikati ya wiki. Jumamosi wageni ni wengi, hata pa kukuketisha hapatakuwepo. Uliza kwanza usiku kuna watu wangapi zamu. Uliza siku ya mapumziko, iandikwe. Na beba viatu vya raba visivyoteleza, maana sakafu ya bafu la wanaume huwa imelowa tangu alfajiri.